Sehemu ya Saba

Ukuta wa nne haukuwapo. Palipofaa kuwa na dirisha
zilisimama kamera mbili na mtu aliyetafuna karanga.
Mimi nilikaa mapokezi, kliniki ya Dakta Haddix na wenzake,
ghorofa ya tatu ya jengo lisilokuwa na ya kwanza,
Burbank, kiangazi cha themanini na tatu,
nikipokea simu ambayo waya wake
uliishia chini ya zulia, umekatwa kwa mkasi.

"Kliniki, habari za asubuhi. Daktari ana mgonjwa."
Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.
Wiki nyingine waliniongezea, "Ngoja kidogo."

Vyeti vya ukutani aliviandika Wendell, fundi wa vifaa,
kwa wino mweusi na Kilatini cha kubuni.
Kimoja, ukikisogelea, kilimtunuku daktari wetu
shahada ya uzamili ya kupika maharage.
Hakuna aliyekisogelea.

Madaktari walikuwa watatu, talaka zao nne.
Walipendana kwenye lifti, wakagombana kwenye lifti
(milango miwili ya mbao, na kijana nyuma akiivuta kwa kamba),
na ugomvi ukiwa umepamba moto mtu huzimia,
wakamzindua, akainuka akiwashukuru,
akapita mbele ya meza yangu
bila kutoa hata senti.
Wagonjwa thelathini na mmoja, sikumwandikia yeyote bili.
Mgonjwa haulizwi uji, wamesema waliosema;
kwetu hakuulizwa chochote.

Sehemu ya saba wakaletwa mama na binti.
Delphine, miaka tisa, homa isiyo na jina,
vidole vikigeuka rangi kila akishika kitu cha baridi.
Dakta Arceneaux akaviinua kwenye taa, akakunja uso,
akasema, "Nadhani najua,"
na muziki ukapanda,
na giza.
Itaendelea Jumanne, saa nne usiku.

Jumanne stesheni ilionyesha mashindano ya kupiga mbizi.
Vijana wa Ohio waliruka, wakaruka, maji yakafunga.
Alhamisi Wendell alikunja zulia
na waya wangu ukaonekana na kila mtu.
Kadi ya bima, iliyokuja na kazi ile,
ilikufa baada ya miezi mitatu,
kama mgeni anayeondoka bila kuaga.

Miaka kumi na miwili baadaye, kwenye foleni ya mkate,
nilimwona Lindqvist, mwandishi wetu, ameota kitambi.
"Yule mtoto alikuwa na nini?"
"Mtoto yupi?"
"Wa vidole."
Akacheka. Akaacha kucheka.
"Hatukuwa tumeamua."

Tangu hapo ninamtibu mwenyewe.
Nikisoma gazetini habari ya ugonjwa, ninampelekea:
nimeshampa matano, yote yanapona,
moja kwa vidonge tu na soksi nene.
Angekuwa mtu mzima sasa. Angekuwa na bili zake.

Jana nimekwenda kwa daktari wa kulipwa, Mtaa wa Magnolia,
na kikohozi kilichokataa kunihama tangu Machi.
Ukuta wa nne upo, niliuhesabu.
Binti wa mapokezi, beji yake yasema Itzel,
hakunitambua, na kwa nini anitambue.
Akataka kadi. Nikasema sina.
Akataja bei kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetoa pole kabla ya msiba,
nami nikahesabu noti, mbili za mwisho zikiwa zimeloa jasho.

Simu ikalia.
"Kliniki, habari za asubuhi. Daktari ana mgonjwa. Ngoja kidogo."
Aliisema vizuri kuliko mimi.
Aliisema kana kwamba upande wa pili kuna mtu.

Nikajifanya nimeangusha kalamu,
nikainama kuchungulia chini ya meza yake,
nione waya unaishia wapi.

Siku hizi hazina waya.